"Mtandao Uko Chini": Ni Nini Hasa Kilicho Chini?

Umesimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Zamu yako inafika, karani anatazama kioo cha kompyuta, anabonyeza mara mbili tatu, kisha anasema maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasikia: "Mtandao uko chini, rudi baadaye." Unageuka nyuma. Kijana wa tatu kwenye foleni anaangalia mpira kwenye simu. Mama aliyekaa kwenye benchi anarekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Simu yako mwenyewe inapokea meseji mfululizo. Mtandao upo. Sasa kilicho chini ni kipi?

Karani hasemi uongo. Analibebesha neno moja mzigo wa vitu vinne au vitano tofauti, kama tunavyofanya sote, na mkanganyiko huu unatugharimu fedha. Kikundi kinanunua jina la tovuti kikidhani kimenunua mfumo. Shule inalipia mfumo wa ada, fundi anahama mji, na kumbukumbu zote zinaondoka naye. Mwenye duka anaambiwa data zake ziko "kwenye wingu", anatulia, wala haulizi wingu hilo liko wapi na funguo zake anazo nani.

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya aina hii na kuiweka hewani. Nitaeleza kwa kutumia mfumo mmoja ninaoujua tangu mstari wake wa kwanza: wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, cha shangazi yangu, Morogoro. Wanachama 28, daftari moja kubwa, sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, na hamu ya kuona hisa na mikopo yao kwenye simu.

Maneno kwanza

Tovuti ya kawaida ni bango. Mtu akifika analisoma, na kila anayefika anasoma maneno yale yale. Tovuti nyingi za hoteli au makanisa ni za aina hii, na kuzitengeneza ni kazi nyepesi.

Programu ya wavuti ni karani aliyekaa dirishani. Unamweleza wewe ni nani na unataka nini, anafungua daftari, anatafuta habari zako, anakujibu wewe peke yako. Mwingine akija anapata jibu lake. Hicho ndicho tunachokiita "mfumo" tunaposema mfumo wa ada, mfumo wa hospitali au mfumo wa leseni.

Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, ni daftari lenyewe. Seva ni kompyuta ambamo karani na daftari wanakaa. Ni kompyuta kama nyingine, ila inawaka usiku na mchana na mara nyingi haina hata kioo. Kuweka hewani ni kumhamisha karani na daftari lake kutoka mezani kwa fundi hadi mahali ambapo kila anayehusika anaweza kufika, saa yoyote.

Shika jambo moja hapo, kwa sababu yote yanayofuata yanaliegemea: karani na daftari ni vitu viwili. Karani akiugua, unaweza kuajiri mwingine. Daftari likiungua, limeungua.

Anwani iliyokataa

Mfumo wa kikundi ulipokamilika kwenye kompyuta yangu, shangazi alikuja Dar es Salaam kuuona. Alikaa pembeni yangu, akaingiza majina mawili matatu, akaridhika. Kabla ya kuondoka alichukua kalamu na kunakili anwani iliyokuwa juu ya kioo kwa mwandiko wake ule ule wa kuandikia hisa: 127.0.0.1:8000.

Jioni ya siku ya pili akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ule mfumo mbona kwangu haufunguki? Nimeongeza bando, bado."

Bando halikuwa na kosa. Anwani ya 127.0.0.1, kwa kompyuta yoyote duniani, maana yake ni "mimi mwenyewe". Kwenye kompyuta yangu, iliita kompyuta yangu. Kwenye simu ya shangazi, simu ilijiita yenyewe, ikajitafuta ndani, haikumkuta karani yeyote. Ni kama mtu akwambie "niko hapa nyumbani", nawe ukayaandika maneno hayo kuwa ndiyo anwani yake.

Hapa ndipo wateja wengi hugombana na mafundi. Fundi anasema mfumo umekwisha, na kweli kwake umekwisha. Mteja anasema hauoni, na kweli kwake haupo. Kati ya mfumo unaofanya kazi mezani na mfumo uliopo hewani kuna kazi nyingine nzima. Watu wengi hawaijui, kwa hiyo hawaiingizi kwenye bei, na inafanywa kwa haraka usiku wa mwisho.

Daftari linalojilinda

Kabla ya kuhama, tuliangalie daftari, maana watu huniuliza: Excel ina ubaya gani?

Excel haina ubaya wowote kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Tatizo huanza wanapokuwa wawili. Katibu anabadilisha nakala yake, mweka hazina anabadilisha ya kwake, na baada ya mwezi mna faili tatu zenye jina la "hesabu ya mwisho" na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Kanzidata inakuwa moja, mahali pamoja, na wote wanaandika humo kwa kupitia karani.

Wazo lenyewe lina zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala akipendekeza data zipangwe kwenye majedwali yanayohusiana, na anayeuliza swali asilazimike kujua mashine imezihifadhi vipi ndani. Sisi tulitumia PostgreSQL, kanzidata ya bure iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986. Kikundi chetu kina majedwali manne tu: wanachama, hisa, mikopo na marejesho.

Kwenye jedwali la wanachama kuna akina Juma Hamisi wawili. Kwenye daftari la karatasi shangazi aliwatofautisha kwa kuandika "Juma mrefu". Mashine haimjui Juma mrefu. Kwa hiyo kila mwanachama anapewa namba yake isiyojirudia, na majedwali mengine hayaandiki jina kabisa, yanaandika namba. Mkopo wa mwanachama wa 14, rejesho la mwanachama wa 14. Juma akibadilisha simu, tunabadilisha mahali pamoja tu.

Namba za simu nazo zina mtego wake. Mtengeneza programu asiye mwangalifu atazihifadhi kama hesabu, na hesabu haitambui sifuri ya mbele. Namba inayoanza na 07 inabaki ikianza na 7, na siku ya kutuma ujumbe kwa wanachama wote, hauendi hata mmoja. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni maneno, basi ihifadhiwe kama maneno.

Ila sifa ninayoithamini kuliko zote kwenye kanzidata ni namna inavyoshika muamala. Mwanachama anarejesha shilingi 50,000. Kwenye vitabu lazima mambo mawili yatokee: deni lake lipungue 50,000, na mfuko wa kikundi uongezeke 50,000. Fikiria umeme unakatika katikati, deni limeshapungua, mfuko haujaongezeka. Kwenye daftari la karatasi hilo ni sawa na kuitwa nje kabla ya kumaliza kuandika, na mwezi ukiisha hesabu hazilingani. Kanzidata nzuri inakataa kabisa hali hiyo. Inayafunga mambo yote mawili kwenye fungu moja: ama yote yameandikwa, ama hakuna lililoandikwa. Umeme ukirudi, inajikagua, na kazi iliyokatikia njiani inaifuta kana kwamba haikuanza. Ukituma pesa kwa simu, unategemea uangalifu wa aina hii hii bila kuuwaza.

Safari ya mbonyezo mmoja

Sasa tufuate mbonyezo. Shangazi yuko kwenye kikao chini ya mwembe, anaingiza hisa za wiki, anabonyeza "Hifadhi". Nini kinatokea?

Kwanza simu yake inatakiwa kujua seva iko wapi. Shangazi anaandika jina; mashine zinatafutana kwa namba. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazojulikana, kwa hiyo unamwambia wa bodaboda "nipeleke kwa fundi viatu wa kona ya msikiti" naye anajua pa kukupeleka. Intaneti ina mashine ambazo kazi yake ni hiyo tu, kupokea jina na kurudisha namba. Jina hilo huitwa kikoa, na majina yote yanayoishia na .tz yana mratibu wake, kama yale ya .ke yanavyoratibiwa na KeNIC.

Ujumbe unatoka kwenye simu hadi mnara, unaingia kwenye nyaya, na kama seva iko ng'ambo, unavuka bahari. Unafika kwenye seva na kugonga mlango namba 443, mlango wa mawasiliano yaliyofungwa. Mlangoni kuna programu ndogo inayofanya kazi ya mlinzi wa geti: inapokea wageni, inakagua wanamtaka nani, inawapeleka kwa karani. Karani, yaani ule mfumo tulioutengeneza, anahakikisha kwamba huyu kweli ni shangazi na kwamba ana ruhusa ya kuandika hisa, kisha anageukia kanzidata na kuomba fungu la muamala liandikwe. Kanzidata inaandika, inathibitisha, jibu linarudi njia ile ile. "Imehifadhiwa." Mambo yakienda vizuri, yote haya huchukua chini ya sekunde moja.

Ukishaijua njia hii, "mtandao uko chini" inakuwa sentensi unayoweza kuichambua mwenyewe. Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, kikisema tovuti haikupatikana kabisa, shida iko njiani au kwenye jina: bando, mnara, kikoa ambacho hakikulipiwa, au seva imezimika. Kikionyesha namba ya kosa 502, mlinzi wa geti yupo lakini karani hayupo kazini. Ikiwa 504, karani yupo ila amechelewa kujibu hadi mlinzi amechoka kusubiri. Ikiwa 500, karani amepokea ombi na kushindwa kulimaliza, na sababu yake mara nyingi ni kwamba hakuweza kulifikia daftari. Nimekuta seva ambayo diski yake ilijaa kumbukumbu za matukio za miezi mingi, hadi kanzidata ikakosa nafasi ya kuandika hata mstari mmoja. Ofisi ile ilikaa siku nzima ikiwalaumu watu wa intaneti.

Kuna siku mtandao kweli huwa chini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani wakakosa intaneti au wakaipata kwa kusuasua. Siku kama ile, mfumo wako unaweza kuwa mzima kabisa kwenye seva ya Ulaya, karani macho, daftari salama, ila barabara ya kumfikia imekatika. Mfumo ulio kwenye seva ya humu nchini hauhitaji kuvuka bahari, mradi mawasiliano ya simu yako na ya seva hiyo yanabadilishanwa hapa hapa. Ni jambo la kupima unapochagua mahali pa kuweka seva, hasa kwa huduma ambazo watu hawawezi kuzisubiri.

Siku ya kuhama

Seva ndogo ya kukodi unaipata kwa dola 5 au 6 kwa mwezi. Ukilipia, unapewa kompyuta tupu iliyo mbali, na unaiongoza kwa kuandika amri. Haina chochote. Kila kilichokuwa kwenye kompyuta yako lazima ukiweke tena: lugha ya programu, na kwa toleo lile lile, maktaba za msimbo (msimbo ni yale maandishi ya programu yenyewe), kanzidata, mlinzi wa geti. Toleo likitofautiana kidogo, mfumo uliokuwa mzima mezani unaanza kulalamika.

Kisha linakuja jambo ambalo limewatia hofu wateja wengi. Msimbo unapanda, mfumo unafunguka, mteja anaingia kwa furaha na kukuta hakuna kitu. Majina yote aliyoingiza wiki ya majaribio hayapo. "Data zangu zimekwenda wapi?" Hazijaenda popote. Msimbo na data husafiri kwa njia mbili tofauti. Unapohamisha msimbo, unamhamisha karani na ujuzi wake wote, pamoja na maelekezo ya jinsi daftari linavyochorwa mistari. Seva inachora daftari jipya, tupu, lenye safu zote zinazotakiwa. Yaliyoandikwa kwenye daftari la zamani hayaji mpaka uyabebe makusudi. Na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu hutaki siku fundi anaporekebisha rangi ya kitufe, majaribio ya mezani kwake yaje kufunika hesabu halisi za watu.

Nywila ya kanzidata nayo haikai ndani ya msimbo. Inawekwa pembeni, kwenye seva yenyewe, ambako programu inaisoma inapoanza kazi. Msimbo huwa unahifadhiwa kwenye tovuti za kuhifadhia msimbo kama GitHub, na kuna roboti zinazozunguka usiku na mchana zikitafuta nywila zilizosahaulika humo. Kuandika nywila ndani ya msimbo ni kuchonga ufunguo na kuugundisha juu ya sanduku.

Kanzidata yenyewe haitakiwi kuonekana na mtu wa nje. PostgreSQL kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 5432, na mlango huo ufungwe kwa ulimwengu wote isipokuwa karani aliye ndani. Wageni waje dirishani. Hakuna ofisi inayomruhusu mpita njia aingie nyuma ya kaunta na kufunua daftari.

Halafu kuna kosa dogo ambalo nimeliona mara nyingi kwa vijana wanaoanza kazi hii. Fundi anaingia kwenye seva, anaandika amri ya kuanzisha programu, anaona inafanya kazi, anampigia mteja: fungua sasa. Mteja anafungua, wanapongezana, fundi anafunga kompyuta yake na kwenda kula. Dakika ile ile mfumo unakufa. Programu ilikuwa imeanzishwa kama mtoto wa lile dirisha la amri, na dirisha lilipofungwa, likafa na mtoto wake. Mfumo wa hewani lazima ukabidhiwe kwa msimamizi wa seva yenyewe, anayeuanzisha kila seva inapowaka na kuuinua unapoanguka. Mteja anaweza kulipima hili bila kujua chochote cha kompyuta: mwambie fundi azime seva na kuiwasha mbele yako, bila kugusa kitu kingine. Mfumo ukirudi wenyewe, kazi imefanyika.

Mwisho ni jina na cheti. Jina la kikoa likishanunuliwa linaelekezwa kwenye namba ya seva, na hapo ndipo nirudie kwa msisitizo: kununua kikoa ni kuandikisha jina la duka. Bado hujajenga duka, hujaweka bidhaa, hujaajiri mtu. Nimewahi kukutana na kikundi kilicholipia jina miaka miwili mfululizo kikiamini kuwa tovuti "inakuja". Cheti ndicho kinachofanya mawasiliano yafungwe njiani. Huduma ya Let's Encrypt hutoa vyeti bure, vya kawaida vikiwa vya siku 90, kwa hiyo seva ipangwe kuvihuisha yenyewe. Alama ya kufuli, kwenye vivinjari vinavyoionyesha, inathibitisha kwamba barua haikufunguliwa njiani. Haisemi lolote kuhusu tabia ya anayeipokea. Tapeli naye anapata cheti kama mtu mwingine.

Wingu lina paa na kuta

Turudi kwenye lile wingu la mwenye duka. Data zikiwa "kwenye wingu" ziko ndani ya jengo, kwenye diski, kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika. Waliokuwa na nakala kwenye mji mwingine walipata usumbufu wa siku chache. Wengine nakala zao zilikuwa pale pale, na zikaungua pamoja na data zenyewe.

Nakala rudufu, au bekapu kama mafundi wanavyosema, ni sehemu ya mfumo. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kukatwa bei ikishuka. Karani tunaweza kumtengeneza upya kwa wiki kadhaa. Hesabu za miaka minne za wanachama 28 hatuwezi kuzikumbuka.

Na kuwa na nakala tu hakutoshi. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watu wengi duniani, alikuwa akihangaika na kanzidata usiku, akafuta data kwenye seva akidhani ni ile ya akiba. Ilikuwa ndiyo kuu. Walipokimbilia nakala, wakakuta utaratibu wao wa kila siku haukuwa ukifanya kazi: toleo la programu ya kunakili halikulingana na la kanzidata, nakala zilikuwa zinashindikana, na barua pepe za kutoa tahadhari hazikuwa zikiwafikia. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliitengeneza kwa bahati saa 6 kabla. Data za saa hizo 6 zilipotea. GitLab wenyewe waliyaandika yote haya hadharani, kwa uwazi ninaouheshimu sana. Kama wataalamu wa kiwango kile walikaa wakiamini wana nakala, sisi wa kufuli tatu hatuna sababu ya kuamini bila kufungua na kutazama.

Kufuli zenyewe ndizo zilizotufundisha kupanga funguo za mfumo. Kwenye sanduku, hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake. Kwenye mfumo, nilitaka iwe hivyo kadiri inavyowezekana: kikoa kimeandikishwa kwa jina la kikundi, malipo ya seva yanafanywa na mweka hazina, nywila kuu iko kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku. Mimi ninao ufunguo wa kufanyia kazi, na nikifa kesho au tukikosana, kikundi kinaweza kumleta fundi mwingine mchana huo huo. Mteja yeyote anayelipia mfumo ana haki ya mambo haya, na fundi anayekataa kuyatoa anamfunga mteja wake.

Sheria nayo imeingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Jina, namba ya simu na deni la mwanachama ni taarifa binafsi. Kikundi kidogo chini ya mwembe nacho kinabeba dhamana hiyo, na ile tabia ya kupiga picha ya jedwali la wadaiwa na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp inafaa kukoma.

Jumamosi ya kulinganisha

Mwezi wa pili baada ya mfumo kuwa hewani tulifanya zoezi. Nilichukua nakala ya usiku uliopita, nikaifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa, mbali na seva, nikasafiri nayo hadi Morogoro. Shangazi hakuwa ameacha kuandika daftari la karatasi. Akalifungua upande wake, mimi nikafungua kioo upande wangu, tukaanza kusomeana mstari kwa mstari mbele ya kikao.

Hisa zililingana. Mikopo ililingana. Faini hazikulingana: daftari lilikuwa juu kwa shilingi 2,000.

Tukatafuta hadi tukampata. Mwanachama mmoja, nesi aliyekuwa zamu ya usiku, alikuwa amelipa rejesho lake kwa simu na kuliingiza mwenyewe kwenye mfumo saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 30 Juni. Shangazi, akisoma ujumbe wa malipo, aliandika Julai 1 na kumtoza faini ya kuchelewa. Mfumo ulikuwa umemwandika Juni 30 na kumsamehe. Seva hutunza saa za UTC, saa za pamoja za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Kwa seva ilikuwa bado saa nne na nusu usiku wa tarehe 30, na mimi sikuwa nimemwelekeza karani ageuze saa kabla ya kukata mwezi.

Nilieleza haya mbele ya kikao, na nesi akatoa noti ya 2,000 akaiweka mezani. Shangazi alichukua kalamu yake, akaandika pembeni mwa ukurasa ule: "Mashine iko nyuma saa tatu." Kisha akanigeuzia daftari ili nisaini hapo chini kwamba nitarekebisha, na tarehe.